Kutelezesha gari: gia ipi, breki ipi, na wapi?

Kwa kijana anayependa magari, ni vigumu kupita katika mitaa ya viwanda ya Al Quoz, mjini Dubai, bila kugeuza shingo.

Eneo hilo, lililo kati ya barabara kuu za Sheikh Zayed na Al Khail, limejaa gereji, maduka ya matairi na karakana za kuongeza nguvu za injini. Humo pia zimo kambi za wafanyakazi wahamiaji, ambao kila siku huvuka barabara zake kwa miguu.

Baadhi ya magari yanayofanyiwa kazi katika karakana za aina hiyo huandaliwa kwa ajili ya mchezo ambao vijana huuita drifti, yaani kulitelezesha gari kwenye kona huku dereva akiendelea kulitawala.

Ukitazamwa kwa mbali, mchezo huo huonekana kama wazimu. Ukweli ni kwamba una kanuni zake, na mbili zilizo muhimu kwa anayeanza ni uchaguzi wa gia na matumizi ya breki.

Nini hasa hutokea?

Tairi lina kiasi maalumu cha nguvu za kushika barabara. Nguvu hizo hugawanywa kati ya kazi tatu: kusukuma gari, kulisimamisha na kuligeuza.

Dereva akidai zaidi ya kiasi hicho, tairi huachia. Katika drifti, yanayoachia ni matairi ya nyuma, wakati yale ya mbele yanaendelea kushika na kuelekeza njia.

Ndiyo sababu mchezo huu huhitaji gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Toyota Mark II na Chaser, ambazo watu wa Dar es Salaam wanazifahamu vyema kama magari ya kwendea kazini, ni za aina hiyo, na huko Japani zimekuwa miongoni mwa magari mashuhuri ya drifti.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linaweza kutelezeshwa kwa breki ya mkono kwa muda mfupi tu. Kukanyaga mafuta hakutaendeleza mtelezo huo, bali kutalinyoosha gari.

Gia ya pili

Wanaoanza hushauriwa kutumia gia ya pili.

Gia ya kwanza ina nguvu nyingi lakini hufika kikomo upesi. Ukigusa mafuta kidogo magurudumu huzunguka kwa fujo, ukiachia kidogo injini hulizuia gari ghafla. Mwanafunzi hapati nafasi ya kupima mguu wake.

Gia ya tatu nayo huhitaji mwendo mkubwa na injini yenye nguvu. Injini ikizidiwa, mizunguko yake hushuka, matairi ya nyuma hushika barabara tena bila kutarajiwa, na gari huweza kurushwa upande wa pili. Madereva wengi hupata ajali katika hatua hiyo ya gari kujinyoosha, wala si pale linapoanza kuteleza.

Gia ya pili hukaa katikati. Katika mwendo wa kadiri huruhusu injini kubaki kwenye mizunguko ya juu, ili kila mabadiliko ya mguu yaonekane mara moja kwenye magurudumu.

Jambo la msingi ni kwamba gia huchaguliwa kabla ya kona. Anayeanza hapaswi kuibadilisha gari likiwa limekwisha kukaa upande.

Mwenye gari la otomatiki hulazimika kuifunga gia kwenye namba 2, la sivyo mtambo utapanda gia wenyewe katikati ya kona na kuuvunja mtelezo.

Breki mbili, kazi mbili

Breki ya mguu haikusudiwi kuyafunga magurudumu. Kazi yake ni kuhamisha uzito.

Dereva anapoigusa akikaribia kona, uzito wa gari huegemea mbele na sehemu ya nyuma huwa nyepesi. Akigeuza usukani wakati huohuo, matairi ya nyuma huwa tayari kuachia. Akiikanyaga kwa nguvu, matairi ya mbele nayo hupoteza mshiko, na gari huenda moja kwa moja bila kugeuka.

Breki ya mkono ndiyo huyafunga magurudumu ya nyuma. Mpangilio wake ni huu: dereva hukanyaga klachi, hugeuza usukani, huvuta breki kwa ghafla huku kitufe chake kikiwa kimebanwa, kisha huiachia mara moja. Hapo huachia klachi, hukanyaga mafuta kwa kipimo na kurudisha usukani kuelekea upande ambao nyuma ya gari inakwenda.

Klachi ina sababu yake. Isipokanyagwa, injini na breki hushindana, na injini huweza kuzima.

Kosa la kawaida ni kuing'ang'ania breki. Inapovutwa kwa muda mrefu mwendo hufa, au gari huzunguka na kutazama lilikotoka.

Kwa aliyejifunza udereva Kenya, Uganda au Tanzania kuna jambo la ziada. Huko dereva huketi kulia na kubadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Dubai huketi kushoto, na mkono wa kulia ndio unaoshika gia na breki. Mkono uliozoea kazi nyingine huchelewa, na katika mchezo huu nusu sekunde ni nyingi.

Si jambo geni

Nchini Japani, mtindo huu huhusishwa na Kunimitsu Takahashi, dereva wa mashindano wa miaka ya 1970, na baadaye Keiichi Tsuchiya aliyeueneza.

Lakini hata Afrika Mashariki, madereva wa Safari Rally walikuwa wakitelezesha magari kwenye barabara za vumbi zamani. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kwa jina la Kenya, alishinda mbio hizo mwaka 1973 na tena kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na magari ya Datsun yaliyosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Takahashi na Mehta walitambulika katika mashindano yenye kanuni, yenye waamuzi na waokoaji.

Gharama ya barabarani

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kuendesha gari kwa namna inayohatarisha maisha huadhibiwa kwa faini ya dirham 2,000, pointi 23 na gari kuzuiliwa siku 60. Dereva akifikisha pointi 24, leseni yake husimamishwa.

Mjini Dubai, amri iliyotolewa mwaka 2023 iliongeza kwamba mwenye gari lililokamatwa kwa kosa hilo atalipa dirham 50,000 ili kulikomboa. Hizo ni zaidi ya dola 13,000 za Marekani, na huenda zikazidi thamani ya gari lenyewe.

Kwa mhamiaji anayetuma fedha nyumbani kila mwezi, dakika moja ya drifti inaweza kumeza ada za shule za miaka kadhaa. Na hiyo ni iwapo hakuna mpita njia aliyegongwa.

Njia iliyo salama ipo. Dubai Autodrome, uwanja uliofunguliwa mwaka 2004, hauko mbali na Al Quoz. Kwa mwanafunzi, mahali panapofaa ni uwanja uliofungwa, wenye sakafu iliyomwagiwa maji, ambapo gari huteleza kwa mwendo mdogo na matairi hayaliki upesi.

Hapo kosa la gia au la breki humalizika kwa gari kuzunguka na kusimama. Kosa hilohilo likifanywa katika mitaa ya Al Quoz, jioni wafanyakazi wanaporejea kambini, hakuna breki ya kulirekebisha.