Bima ya Uaminifu wa Wafanyakazi: Kinga ya Zahanati Dhidi ya Wizi wa Ndani

Wamiliki wa zahanati na vituo vya afya binafsi nchini wanaokata bima ya moto na ya wizi wa kuvunja wanapaswa kufahamu kuwa bima hizo kwa kawaida hazifidii hasara inayosababishwa na wafanyakazi wao wenyewe. Karani anayepokea fedha za mgonjwa bila kutoa stakabadhi, mtunza stoo anayeuza dawa kwa siri au mhasibu anayeghushi hundi havunji mlango wowote.

Kinga dhidi ya hasara hiyo ni bima ya uaminifu wa wafanyakazi, ambayo ni miongoni mwa bima zisizo za maisha zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 394. Hati yake huweza kutaja majina ya wafanyakazi, nyadhifa zao au kuwajumuisha wote, na huweka kiwango cha juu cha fidia. Kwa mfano, hasara iliyothibitishwa ikiwa Shilingi 6,000,000 na mkataba ukimtaka mmiliki kubeba asilimia 10, atalipwa Shilingi 5,400,000.

Hata hivyo, fidia hutegemea uangalifu wa mmiliki. Kabla ya kutoa bima, kampuni huuliza namna fedha zinavyohesabiwa, stoo inavyokaguliwa na wafanyakazi wanavyochunguzwa kabla ya kuajiriwa. Mmiliki anayeeleza kuwa hesabu hulinganishwa kila siku, ilhali hazilinganishwi, anaweza kunyimwa fidia. Vilevile, upungufu wa dawa usio na ushahidi wa wizi kwa kawaida haulipwi, wala udanganyifu wa mmiliki mwenyewe, yakiwemo madai ya uongo kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF).

Wizi unapogundulika, mmiliki anatakiwa kutoa taarifa mapema kwa Polisi na kwa kampuni ya bima, kuhifadhi stakabadhi na vitabu vya hesabu, na kuzingatia muda wa kugundua hasara uliowekwa katika mkataba. Mfanyakazi aliyekwishabainika kukosa uaminifu akiachwa kazini, hasara atakayosababisha baadaye huenda isifidiwe.

Wananchi wanashauriwa kununua bima kwa kampuni, mawakala na madalali waliosajiliwa na TIRA. Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni kuhusu fidia anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Bima haiondoi wajibu wa kukagua. Fidia hurejesha fedha baada ya uchunguzi, lakini mgonjwa aliyekosa dawa kwa sababu stoo imeibiwa huihitaji siku hiyo hiyo.