Noki Mbili za Subaru

"Shikamoo mjomba. Subaru yangu imenoki."

"Marahaba. Noki ipi?"

Kijana akanitazama kana kwamba nimemuuliza jua lipi limechomoza leo. Kwake noki ni moja: injini imekufa, itafutwe nyingine. Gereji zetu nyingi husema hivyohivyo, na hapo ndipo balaa linapoanzia, maana neno hilo moja tumelibebesha magonjwa mawili. Wa kwanza unatokea juu ya pistoni, kwenye moto. Wa pili uko chini, kwenye beringi za konrodi, kwenye oili. Wa kwanza ukiachwa bila tiba unaweza kuuzaa wa pili. Anayefuga Impreza WRX uani kwake na kuichokonoa kwa mikono yake, kazi yake ya kwanza ni kuyatofautisha kwa sikio.

Noki ya moto husikika gari likiwa na mzigo: unapanda mlima, gia kubwa, mzunguko uko chini, na umekanyaga. Ni mlio mkavu, mwepesi, kama punje za mahindi zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukiachia mafuta unakoma. Noki ya beringi ni nzito, ngo-ngo-ngo, inafuatana na mzunguko wa injini, na mara nyingi hujitokeza vizuri pale unapoachia mafuta kwenye mzunguko wa 2,500 au 3,000. Injini ikipata moto haiondoki; inazidi, kwa kuwa oili imekuwa nyepesi. Ipo na sauti ya tatu inayowaponza watu: ile katakata ya asubuhi, pistoni ikigonga ukuta wa silinda kabla haijatanuka kwa joto. WRX kadhaa za toleo la STI, zenye pistoni zilizofuliwa badala ya kusubiwa huwa nayo, na baada ya dakika chache inapotea. Nimeona injini ikishushwa na kuuzwa bei ya chuma chakavu kwa kosa la sauti hiyo tu.

Noki ya moto inatokeaje? Tabo hubana hewa, na hewa ikibanwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Plagi inatoa cheche, moto unaanza kusambaa kwa utaratibu, lakini kwenye kona ya silinda kuna mchanganyiko ambao haujafikiwa. Joto na mgandamizo vikizidi, mchanganyiko huo haungoji zamu yake. Unalipuka wenyewe. Mgongano huo ndio mlio wa mahindi, na kila punje ni nyundo inayopigwa juu ya pistoni. Kwenye injini za EJ za Subaru, mara nyingi kinachotangulia kuvunjika ni kingo nyembamba zinazoshikilia ringi za pistoni.

Oktani ni kipimo cha uvumilivu huo wa petroli, yaani inaweza kubanwa kiasi gani bila kujilipua. WRX ilitoka Japani mwaka 1992 ikiwa na nguvu za farasi 240 kwenye injini ya lita 2, na kufikia 1996 STI ilikuwa imefika 280, kikomo ambacho watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe wasikivuke. Hesabu hizo zilipigwa kwa petroli ya kwao. Japani petroli ya daraja la juu hairuhusiwi kushuka chini ya oktani 96, na inayouzwa vituoni hukaribia 100. Ya kwetu kwa kawaida iko chini ya hapo, na ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa inashuka zaidi. EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji. Lakini injini haisomi vinasaba. Yenyewe inategemea sensa ya noki, kidude cha mviringo kilichofungwa kwa bolti moja kwenye bloku, chini ya manifodi ya hewa, kinachosikiliza mtetemo. Kikisikia mahindi, kontroli boksi inachelewesha cheche. Gari linakuwa zito kidogo, nawe unadhani limechoka.

Ongeza na hali yetu ya hewa. Intakula ya WRX, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, imelala juu ya injini, inapozwa na upepo unaoingia kwa lile tundu la boneti. Kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, upepo hakuna. Intakula inageuka kikaango. Ukichomoka kwenye taa na kukanyaga hadi chini, unaipa injini hewa ya moto katika dakika yake mbaya kuliko zote. Mimi nikitoka kwenye foleni huwa naendesha kistaarabu kilomita moja hivi ndipo nikumbuke kwamba nina tabo.

Turudi kwa kijana. Gari lake lilikuwa zima hadi alipolifanyia "modo" mwenyewe Jumamosi moja: bomba la hewa la aluminiamu linalong'aa, lenye filta ya koni. Kitu kizuri kwa macho. Ila Subaru hizi hupima hewa kwa waya mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo. Waya hauoni bomba zima. Unaona mwendo wa hewa pale ulipo, halafu kontroli boksi inapiga hesabu kwa upana wa bomba la kiwandani. Chukua mfano wa bomba la milimita 70 lililobadilishwa kwa la milimita 80. Upana wa njia ya hewa umeongezeka kwa karibu asilimia 30, na kompyuta haina habari. Inaingia hewa nyingi, inamwagwa petroli kidogo. Ukienda polepole, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua na kusahihisha. Ukikanyaga hadi mwisho, usahihishaji huo hautoshi, na mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kali. Ndiyo mahindi yake hayo.

Ekzosi pana ina mtego wa aina hiyohiyo. Inaipunguzia tabo kizuizi, tabo inazunguka kwa urahisi, na mgandamizo unaweza kupanda kupita uliopangwa. Siwakatazi watu kuifunga. Nasema kifungwe kifaa siku ambayo kontroli boksi nayo itapangwa upya, kwa petroli ya hapa, na mtu anayesoma takwimu badala ya kusikiliza mvumo tu. Hata nyumbani unaweza kusoma: kompyuta mpakato, waya wa kuunganishia, na programu ya bure iitwayo RomRaider itakuonyesha kontroli boksi imechelewesha cheche kwa nyuzi ngapi kwa sababu ya noki. Kabla ya yote hayo ninachotazama ni plagi. Kwenye injini hii iliyolala zinaingia kwa ubavuni, na nafasi kati ya hedi na chasisi ni ya kuchubua vidole, kwa hiyo ngoja injini ipoe, toa betri na boksi la filta, tumia ekstensheni fupi. Shika plagi juani na utazame kigae chake cheupe. Ukiona vitone vyeusi kama pilipili manga, na katikati yake vingine vinavyometa, vile vinavyometa ni aluminiamu ya pistoni yako.

Mkanda wa taiming sitaujadili sana. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na namba ya dashibodi ya gari lililopita mikono mitatu si ya kuapia. Ukinunua, badilisha. Na usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kutafuta nati iliyodondoka. Weka stendi.

Oili ndiyo inayoamua noki ya pili. EJ20 hubeba lita nne na kidogo tu, na injini yenye tabo haioni haya kuinywa. Stiki yake ni ya kero: oili hupaka pande zote mbili, upande mmoja unasema imejaa, mwingine unasema nusu. Pima gari likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare, na uamini upande unaosoma chini. Kati ya alama mbili kuna kama lita moja. Sasa fikiria umeshuka hadi chini ya alama ya pili, halafu unachukua kona ndefu za Kitonga kwa kasi. Oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, bomba la kunyonyea linavuta hewa, na beringi, ambazo kwenye krenki fupi ya injini hii ni nyembamba, zinakosa utando unaozitenga na chuma. Hazihitaji kukosa kwa muda mrefu. Bomba lenyewe la kunyonyea linajulikana kupata ufa, kwa hiyo sampu ikishuka kwa sababu yoyote, likague au uweke jipya.

Kila nikimwaga oili, filta ya zamani siitupi. Naikata. Si kwa msumeno, kwani msumeno utajaza humo unga wake wa chuma. Natumia kikatio cha gurudumu kama cha mafundi bomba. Nakunjua karatasi yake juu ya gazeti, naiacha ichuruzike, naitoa juani. Tulifanya hivyo na filta ya kijana. Zilikuwepo chembe, chache, za kumeta kama poda ya akina dada. Nikapitisha sumaku juu yake: mbili tatu zikanasa, nyingine zikabaki palepale. Zinazonasa ni za chuma. Zisizonasa zinaweza kutoka kwenye beringi, au kwenye pistoni. Kwa uchache ule tuliamua kuweka oili mpya, kurudisha bomba la kiwandani, na kukata filta tena baada ya kilomita 500.

Filta ya pili ilikuwa safi, na mahindi yalikuwa yamenyamaza. Hapo akaniuliza kama angalau anaweza kubaki na valvu nyingine aliyoifunga, ile inayotoa upepo wa tabo nje kwa sauti kila akibadili gia. Nikamweleza kwamba upepo ule ulikwisha kupimwa na waya, na petroli yake imeshahesabiwa. Ukiumwaga nje, injini inabaki na petroli bila hewa yake, inakohoa moshi mweusi. Haiui injini, ila haina faida yoyote. "Rudisha ya zamani," nikamwambia. "Sawa mjomba."

Wiki iliyofuata nilikuwa barazani nakunywa kahawa nikasikia Subaru inapinda kwenye kona yetu, gia ya pili kwenda ya tatu. Pshuuu.