Taa za kamera zikizimika, kijana hurudi kwetu

BINTI yangu anasoma mwaka wa pili chuoni Iringa. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, saa ambazo kwa kawaida huomba hela ya matumizi. Safari hii aliomba nauli ya kwenda Dar es Salaam na baraka zangu za kukosa vipindi siku nne, kwa sababu kuna usaili wa shindano la kuimba la kwenye runinga. Sikumjibu palepale. Nilimwambia nitaongea na baba yake, nikabaki na simu mkononi nikimfikiria binamu yake.

Habari ya binamu nitaifikia. Nianze na wale ambao nchi nzima inawafahamu.

Wazazi wa rika langu wanakumbuka mwaka 2003, Big Brother Africa ilipoanza. Vijana 12 kutoka nchi 12 walifungiwa kwenye jumba moja Afrika Kusini kwa siku 106, kamera zikiwaangalia hata wakilala. Wa Tanzania alikuwa Mwisho Mwampamba. Hapa Mbeya jina lilitosha. Ukisikia linaanza na Mwa-, unamhesabu wa kwetu hata kabla hujauliza alizaliwa wapi. Wenye dishi mtaani walikuwa wa kuhesabika, wengine tulisimuliwa tu sokoni Mwanjelwa. Mwisho alifika fainali, lakini Dola 100,000 zilikwenda kwa Cherise Makubale wa Zambia. Mwaka 2010 alirudi kwenye jumba hilohilo, safari hiyo na wenzake waliowahi kushiriki, na humo ndani akamchumbia Meryl Shikwambane wa Namibia. Hata posa ilikuwa kipindi.

Mwaka 2007 Mtanzania alishinda: Richard Bezuidenhout, Dola 100,000. Tulishangilia, ila nakumbuka pia minong'ono ya akina mama. Alikuwa na mke nyumbani, na mapenzi yake na mshiriki mwenzake yalioneshwa Afrika nzima. Fedha ile ilikuwa zaidi ya Sh100 milioni. Sijui ni mama gani angemtamani mwanawe aipate kwa njia hiyo, lakini siku ile hakuna aliyeniuliza.

Kisha akaja Idris Sultan, kijana wa Arusha, Desemba 2014. Dola 300,000, kwa thamani ya wakati ule zaidi ya Sh500 milioni. Ninachopenda kuwaeleza wazazi wenzangu kuhusu Idris si fedha. Aliingia kwenye jumba akiwa mpiga picha, maana yake alikuwa na kazi ya mikono yake. Alipotoka alijifunza kazi nyingine: akapanda jukwaani kuchekesha, akatangaza redioni, akaigiza, na mwaka 2021 alionekana kwenye filamu ya Afrika Kusini ya Slay iliyooneshwa Netflix. Haikuwa njia nyoofu. Mwaka 2020 alishikiliwa na polisi kwa siku kadhaa kwa sababu ya video aliyojirekodi akicheka. Jirani yangu akicheka hakuna anayemrekodi. Mtu maarufu hata kicheko chake kina ushahidi.

Hapa kwetu wengi hawafikirii Big Brother, ambayo ilikoma na ushindi huo wa Idris. Wanafikiria Bongo Star Search ya Rita Paulsen, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo usaili wake umewahi kufika hadi Mbeya. Walter Chilambo aliishinda mwaka 2012, akapata Sh50 milioni, na baadaye akahamia kwenye nyimbo za injili ambako ndiko tunakomsikia sasa. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa aliyeshindwa. Peter Msechu alikuwa wa pili mwaka 2009. Mwaka uliofuata akaenda Tusker Project Fame kule Nairobi, akawa wa pili tena. Mara mbili mfululizo nchi nzima ilimwona akishindwa, na bado hadi leo anaimba, anaalikwa na watu wanamlipa.

Sasa binamu.

Ni mtoto wa kaka yangu, amekulia Kihesa, Iringa. Alikuwa anaimba kwaya na anasoma ufundi umeme. Alipochaguliwa kwenye shindano moja la runinga, aliacha masomo bila kuaga. Ukoo ulichanga. Tulinunua vocha za kumpigia kura, tukatuma picha yake kwenye kila kundi la WhatsApp, na kanisani akatajwa kwenye matangazo. Alidumu wiki chache, akatolewa.

Tukio lenyewe la kutolewa lilichukua dakika mbili. Yaliyofuata yalichukua zaidi ya mwaka, na sisi ndugu tulihusika. Alirudi na begi la nguo za jukwaani ambazo nyingi alikopa fedha kuzinunua. Kila aliyemwona alimwomba kitu. Bodaboda walikataa kumpunguzia nauli, si upo kwenye runinga? Mwenye nyumba alipandisha kodi. Mimi mwenyewe, shangazi yake, nilimwomba simu. Nilisema kwa utani, lakini nilikuwa nataka simu. Nilidhani kuonekana kwenye runinga ni mshahara, kumbe mwenye uhakika wa fungu la maana ni mshindi, na mshindi ni mmoja.

Tuna neno letu kwa mtu aliyekuwa juu akashuka: amefulia. Kijana wa miaka 21 alilisikia neno hilo kila alipopita Miyomboni, wakati hata hajawahi kupanda huko juu. Aliacha kwaya. Chuoni aliona aibu kurudi. Alishinda chumbani mchana, akitoka usiku ili asitambuliwe.

Aliyemtoa humo si mimi. Ni fundi mmoja mzee aliyekuwa akifunga umeme kwenye viwanda vya mbao Mafinga, ambaye hakuwa na runinga na hakujua lolote kuhusu shindano. Alihitaji msaidizi. Kwake kijana hakuwa staa wala aliyefulia. Alikuwa mtu wa kushika ngazi. Leo anafunga umeme kwa jina lake, na Jumamosi nyingi anaimba kwenye harusi kuanzia Mafinga hadi Makambako, akilipwa. Sauti haikuwa na tatizo hata siku moja.

Kwa hiyo nilipoongea na mume wangu, hatukujadili kama mtoto aende. Ana miaka 20, sheria inamhesabu mtu mzima, na saini yake kwenye mkataba inamfunga yeye. Tulijadili mambo mengine. La kwanza, asisaini karatasi yoyote usiku huohuo, hata akiambiwa wengine wanasubiri kwenye foleni. Wakubwa wa muziki nao mikataba imewagharimu: Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019 alisema hadharani kuwa alilazimika kulipa Sh500 milioni. Binti atanipigia picha kila ukurasa, nami nitampelekea mwanasheria hapa mjini, ambaye ada yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi. La pili, aombe ruhusa kwa maandishi chuoni, ili akirudi akute kiti chake. Hili la pili nililishikilia kuliko yote.

La tatu lilitugawanya. Baba yake alitaka tuwaambie ndugu ili wampigie kura akipita. Mimi nilikataa, hadi tukanuniana siku mbili. Mwishowe tulikubaliana kutotangaza chochote hadi atakapochaguliwa, na hata akichaguliwa, hakuna atakayemwomba kitu. Nilimpigia binamu yake kumuuliza kama tunakosea. Alicheka, akauliza kama bado nataka ile simu.

Nilimtumia binti nauli Alhamisi. Alipanda basi pale Ipogolo, alfajiri, akiwa amevaa sweta la baba yake kwa sababu ya baridi. Matokeo ya usaili bado hayajatoka. Mitihani yake inaanza wiki ijayo, na jana alinipigia tena usiku, saa zilezile. Alikuwa anaomba hela ya matumizi.