Mtaji wa wanawake Dumila wategemea msimu, mikopo yasubiri vikao

Biashara ya wanawake wa Dumila imesimama juu ya mashamba ya bonde la mto Mkundi na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Nyanya, vitunguu, mchele na mahindi hutoka vijijini na kukutana na mabasi na malori penye njia panda ya kwenda Kilosa. Uuzaji wa rejareja, pamoja na kazi ya mama lishe, uko zaidi mikononi mwa wanawake. Mtaji wao ni mdogo na huzunguka haraka: matenga machache hununuliwa alfajiri, nyanya huuzwa kwa sado hadi jioni, na fedha iliyopatikana hununua mzigo wa kesho.

Mzunguko huo hukatika kirahisi. Wakati wa kiangazi nyanya za umwagiliaji hujaa sokoni na bei huporomoka. Masika bei hupanda, lakini ukungu na mvua humaliza zao shambani. Tangu 2014 kumeongezeka kanitangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda, na gharama ya dawa za kumdhibiti huingia katika bei ya tenga. Januari mwaka huohuo mafuriko ya Mkundi yalikata barabara kuu, na wauza chakula wa kituoni wakakosa wateja.

Msaada wa serikali unaotajwa zaidi ni mkopo wa halmashauri usio na riba. Sheria iliyorekebishwa 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisa wa halmashauri akiulizwa kuhusu wanawake hujibu kwa asilimia hiyo 4. Hiyo ni sehemu ya makusanyo, na katika wilaya ya wakulima wadogo makusanyo yenyewe si makubwa. Taarifa pia huhesabu fedha zilizotolewa na vikundi vilivyopokea, na ni nadra kuonyesha ni biashara ngapi bado ziko hai baada ya marejesho. Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa nchini kote, baada ya ukaguzi wa hesabu za serikali kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ulirejea 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Hivyo mkopaji aliyekuwa analipa vizuri alisubiri pamoja na kikundi kisichokuwapo.

Lalamiko la muuza nyanya, kwamba fedha huchelewa, linastahili kupewa uzito kuliko takwimu hizo, kwa sababu linagusa muda. Mkopo huombwa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti na andiko la mradi. Maombi huanzia kwenye kata na kupanda hadi wilayani, yakisubiri uhakiki na vikao. Fedha ikitoka, mavuno ambayo bei yake ilikuwa nzuri huwa yameshapita. Ikigawanywa kwa wanakikundi, fungu la kila mmoja hutosha mizigo michache tu, na mmoja akikwama, wenzake humlipia. Kwa mwenye meza ya nyanya zinazooza kwa siku chache, kukosa riba hakufidii miezi ya kusubiri. Kama mkopo ungepangwa kufuata msimu wa mazao, fedha ileile ingefanya kazi kubwa zaidi.

Pengo hilo hujazwa kwanza na kikoba na upatu. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na kutaka visajiliwe. Nguvu yao ni kujuana. Udhaifu wao ni kwamba wanachama huhitaji fedha wakati mmoja. Hapo ndipo huingia kausha damu, mkopo unaopatikana siku hiyohiyo na kudaiwa kila siku au kila wiki. Riba kwa wakopeshaji wenye leseni imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini ada, faini na dhamana ya vyombo vya ndani vinaweza kuupandisha mzigo mbali na kikomo hicho. Njia ya benki nayo huhitaji dhamana: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, ila hati ya kimila isiyokuwa na jina lake haimsaidii mbele ya benki.

Kodi na ushuru vimelegezwa kiasi. Tangu 2017 mzigo usiozidi tani 1 unaovuka mpaka wa halmashauri hautozwi ushuru wa mazao, nafuu inayowahusu hasa wanaosafirisha matenga machache.

Kuhusu wateja, dalili zinapingana. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku Oktoba 2023, na anayeweza kukesha na sufuria amepata saa zaidi za kuuza. Treni ya kisasa ya Dar es Salaam–Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, inapita Kilosa bila kugusa Dumila, na abiria wake hawateremki kununua nyanya kando ya lami. Malori yataendelea kupita, na huenda biashara ya jumla ikahimili kuliko ya rejareja. Lakini muuza jumla huhitaji mtaji mkubwa kuliko ule ambao kikoba au mkopo wa kikundi unaweza kutoa kwa sasa.