Mkimbizi, Mgeni au Aliyefurushwa? Istilahi za Ukimbizi na Uzito Wake

Utangulizi

Taaluma ya ukimbizi imeandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali wengi wanaoiishi hali hiyo katika Afrika Mashariki na ya Kati huieleza kwa Kiswahili. Makala haya yananuia kuchunguza jinsi baadhi ya istilahi zetu zinavyooana au kukinzana na sheria na mitazamo ya wanataaluma. Hoja yetu ni kwamba uteuzi wa neno si suala la msamiati pekee. Neno huweza kumpa mtu haki au kumnyima.

Mkimbizi kiisimu na kisheria

Nomino mkimbizi imenyambuliwa kutokana na kitenzi kimbia kwa kiambishi tamati -i, huku sauti /z/ ikizuka kama ilivyo katika lea na mlezi. Kitenzi hicho hicho hutupa mkimbiaji, yaani mshiriki wa mbio. Istilahi ya Kifaransa réfugié, iliyohusishwa na Waprotestanti waliotoroka Ufaransa hasa baada ya 1685, hutilia mkazo kimbilio. Ya Kiswahili hutilia mkazo kitendo cha kukimbia.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliipanua fasili hiyo kwa kuwajumuisha wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na matukio yanayovuruga vibaya amani. Hata hivyo, mikataba yote miwili inahitaji mtu awe amevuka mpaka.

Hapa ndipo utata unapozuka. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 nchini Kenya, mamia ya maelfu ya watu walipoteza makao, na vyombo vya habari vikawaita "wakimbizi wa ndani". Wahusika walikuwa raia ndani ya nchi yao. Katika Bonde la Ufa, waliolengwa walikuwa wameitwa "madoadoa", yaani watu wasio wa pale. Kumwita raia huyo mkimbizi ni kukaribia kuunga mkono, bila kukusudia, dai la aliyemfukuza kwamba yeye ni mgeni. Aidha, kimbia hakimtaji anayesababisha mbio. Tukisema "waliofurushwa makwao", kauli ya kutendwa hutulazimu kuuliza: walifurushwa na nani? Mkataba wa Kampala wa 2009 na sheria ya Kenya ya 2012 huwashughulikia watu hawa katika kundi lao wenyewe.

Mitazamo ya wanataaluma

Barbara Harrell-Bond, katika kitabu chake Imposing Aid cha 1986, aliwachunguza wakimbizi wa Uganda waliokuwa kusini mwa Sudan. Alishutumu misaada inayomchukulia mkimbizi kama mtu asiyejiweza, huku maarifa na juhudi zake zikipuuzwa. Naye Liisa Malkki, katika Purity and Exile cha 1995, aliwalinganisha Wahutu waliotoroka mauaji ya Burundi ya 1972 na kuhamia Tanzania. Walioishi katika kambi ya Mishamo waliushikilia ukimbizi kama utambulisho wa watu wenye historia na taifa la kurejea. Waliojichanganya na wenyeji mjini Kigoma walielekea kulikwepa jina hilo. Tunajifunza kwamba mazingira ya kuishi hubadilisha maana ya neno kwa mwenye kuitwa.

Mgeni na jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hudhaniwa kuwa ya kumkaripia mgeni, lakini pia humpa nafasi ya kuzalisha. Kambi za Dadaab zilianzishwa 1991 na Kakuma 1992. Wapo waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao. Kwa miaka mingi, mkimbizi alihitaji kibali ili kutoka kambini, na kazi halali ilikuwa adimu. Alikaa zaidi ya siku tatu bila jembe, kisha akalaumiwa kwa kutegemea mgao wa chakula.

Ni kweli kwamba serikali imetaja usalama, na kwamba wenyeji wa Turkana na Garissa nao wana dhiki zao. Lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kuwa uamuzi wa kuifunga Dadaab ulikiuka katiba. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo imefungua njia ya kuwashirikisha zaidi katika uchumi. Tanzania ilikwenda mbali zaidi ilipowapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa kizazi cha 1972. Kwao, mgeni akawa mwenyeji.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wa leo ndio wafasiri, wakalimani na wanahabari wa kesho. Mkalimani akichanganya "nilihama" na "nilifurushwa" katika mahojiano ya kuomba hifadhi, huenda ombi la mtu likakataliwa. Tunapendekeza idara zetu zitunge orodha sanifu ya istilahi za ukimbizi, na wakimbizi wanaozungumza Kiswahili washirikishwe katika kuitunga. Hilo nalo ni jembe.