Mboga za Majani Zataka Mafuta Kidogo

Bwana na Bibi Mkulima, tazama bustani yako iliyo nyuma ya jiko. Pengine una sukuma wiki, mchicha, kunde na mstari mmoja wa karoti. Hiyo ni mali. Lakini yawezekana mtoto akala mboga hizo kila jioni, na bado ikifika magharibi akajikwaa katika kigoda ambacho wenzake wanakiona. Mtoto wa namna hiyo huenda amepungukiwa na vitamini A. Apelekwe zahanati upesi, kwa maana upungufu huu ukiachwa huweza kumpofusha kabisa. Kisha wazazi watazame sufuria yao.

Ndani ya majani ya kijani mna rangi ya manjano iitwayo karotini, ila imefunikwa na kijani haionekani. Karotini ni mojawapo ya vitu ambavyo wataalamu huviita antioksidanti. Mwili huchoma chakula kwa hewa tunayovuta, kama jiko lichomavyo kuni, na katika kuchoma huruka cheche zinazoweza kuudhuru. Kazi ya antioksidanti ni kuzizima. Lakini karotini ina kazi nyingine, nayo ndiyo kubwa kwa mtoto wako: mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Sasa, karotini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Tena imefungiwa ndani ya jani, na kukatakata na kupika ndiko kunakoifungua. Ikifika utumboni, nyongo huyavunja mafuta ya chakula yawe matone madogo sana, nayo karotini hupanda humo kama abiria katika basi, ikaingia katika ukuta wa utumbo. Hapo nyingine hugeuzwa kuwa vitamini A, na isiyohitajiwa siku hiyo huwekwa akiba katika ini. Pasipo mafuta hakuna basi, na karotini nyingi hutoka na choo.

Jambo hili lilipimwa hapa jirani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1958 ulihusu wavulana wa Rwanda waliokula mboga nyingi na mafuta kidogo mno. Miili yao ilipokea chini ya sehemu 5 katika kila 100 za karotini waliyokula. Walipoongezewa gramu 18 za mafuta ya zeituni kwa siku, ikawa kama sehemu 25. Mboga hazikubadilishwa.

Wewe huhitaji mafuta ya zeituni. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia au samli kwa kila mlaji chatosha. Karanga zilizopondwa nazo zafaa sana. Mwenye ng'ombe asipeleke maziwa yote kwenye gari la ushirika, abakize ya watoto pamoja na malai yake. Na bwana wa nyumba asikunje uso akiombwa fedha ya mafuta!

Vitamini C, ambayo pia ni antioksidanti, ina tabia nyingine. Hiyo huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto, wala mwili hauiweki akiba kubwa. Kwa hivyo osha mboga kabla ya kukata, zipike kwa maji machache na muda mfupi, na mchuzi wake usimwagwe. Mapera na machungwa yaliwe mabichi.

Wengine watauliza kama si rahisi zaidi kununua vidonge. Huko Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika jaribio, wengine wakipewa vidonge vya karotini kila siku. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliovimeza walionekana kupata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao. Karotini ya bustanini haina lawama hiyo. Mtu akila karoti nyingi kupita kiasi ataona viganja vyake vimekuwa vya manjano, na rangi hiyo hutoka yenyewe akipunguza.