Baraza la Kijiji Uingereza: Watu 6 Wanaweza Kuitisha Mkutano

Mkazi wa kijiji cha Uingereza hupokea bili ya kodi ya nyumba yenye mistari kadhaa. Upo mstari wa kaunti, wa wilaya na wa polisi, na mara nyingi kuna mstari mwingine mdogo wenye jina la kijiji chake. Pesa za mstari huo haziendi mbali. Hukata nyasi za makaburi, hutengeneza bembea za watoto, hulipia umeme wa ukumbi. Anayeamua zitumikeje ni baraza la parishi, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa nchini humo.

Tumelichagua baraza hilo kwa sababu swali linalosikika mara kwa mara katika vikao vya maoni kwenye wadi ni lilelile: mimi mwananchi wa kawaida, nikisema, nani atanisikia? Wenzetu wa huko wamekuwa na swali hilo kwa zaidi ya miaka 100, na baadhi ya majibu yao yameandikwa katika sheria.

Neno parishi lisikuchanganye. Zamani mambo ya kijiji yaliendeshwa na kikao cha kanisa la mtaa. Sheria ya mwaka 1894 iliyatenga mambo ya kiraia na kuyakabidhi kwa baraza linalochaguliwa na wakazi. Jina likabaki, kanisa likaondoka. Leo Uingereza ina mabaraza kama hayo karibu 10,000, ukihesabu na ya miji midogo. Parishi yenye wapiga kura wachache sana haihitaji baraza; wakazi wenyewe hukutana na kuamua.

Madiwani wake huchaguliwa kila baada ya miaka 4, hawapungui 5, na kwa kawaida hawana mshahara. Anayelipwa ni karani, ambaye huandika kumbukumbu, hutunza hesabu na kulikumbusha baraza sheria inasemaje. Wazee kati yetu waliozoea madiwani na makarani wa mabaraza ya zamani, kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, watautambua mpangilio huu. Mabaraza yetu yale yalirithi mfumo wa Waingereza.

Mamlaka ya baraza la parishi ni madogo. Shimo barabarani ni kazi ya kaunti, takataka ni kazi ya wilaya, na ruhusa ya kujenga hutolewa na ngazi ya juu. Parishi huombwa maoni tu. Kwa hiyo huko nako mwananchi hupeleka lalamiko ofisi isiyohusika akarudishwa, kama anayekuja kaunti kulalamikia barabara kuu iliyo chini ya serikali ya kitaifa.

Lakini katika pesa lina nguvu ambayo wengi hawaijui. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Aprili, baraza huketi, kwa kawaida kati ya Novemba na Januari, likapiga hesabu ya mahitaji yake na kuiambia wilaya: tukusanyie kiasi hiki. Wilaya haina ruhusa ya kukataa. Mabaraza makubwa yakitaka kupandisha kodi kupita kiwango fulani hulazimika kuitisha kura ya maoni, ila parishi haijawekewa kikomo hicho. Mwenye nyumba anayeshangaa mwezi wa Aprili kuona mstari wake umepanda amechelewa, kwa sababu uamuzi ulipitishwa katika ukumbi wa kijiji wakati wa baridi, pengine mbele ya viti vitupu.

Ndiyo maana sheria imeweka milango ambayo mkazi anaweza kuingilia. Tangazo la kikao lazima libandikwe mahali panapoonekana siku 3 kamili kabla, likiwa na ajenda, na jambo lisilo kwenye ajenda haliwezi kupitishwa kihalali siku hiyo. Kikao huwa wazi kwa umma, na tangu mwaka 2014 anayehudhuria anaruhusiwa kukirekodi. Hana haki ya kisheria ya kusema, na hili huwashangaza wengi, ingawa mabaraza mengi hutenga dakika chache za wakazi mwanzoni.

Mwezi wa Julai kuna mlango mwingine. Vitabu vya hesabu hufunguliwa kwa siku 30 za kazi, nazo ni lazima zijumuishe siku 10 za kwanza za kazi za mwezi huo. Mkazi anaweza kuketi na karani akasoma risiti, akatoa nakala. Akiwa mpiga kura wa parishi anaweza pia kumwuliza mkaguzi maswali na kuyapinga matumizi anayoona si halali.

Mlango wa tatu ni mkutano wa parishi, tofauti kabisa na kikao cha baraza. Huo ni mkutano wa wapiga kura wote, na lazima ufanyike kila mwaka kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni, usianze kabla ya saa 12 jioni ili watu wa kazi wafike. Mbali na huo wa mwaka, wapiga kura 6 tu wanaweza kuuitisha wakati wowote. Maazimio yake hayalifungi baraza, lakini diwani anayekutana na majirani zake dukani kila siku huona aibu kuyapuuza.

Udhaifu wa mfumo huo uko kwenye watu. Katika vijiji vingi wagombea huwa wachache kuliko viti, hivyo waliojitokeza hupita bila kupigiwa kura na nafasi zilizobaki hujazwa na madiwani wenyewe kwa kuteua. Baraza la namna hiyo linaweza kufanya kazi nzuri, ila halijawahi kuulizwa na mtu. Desemba 2020 madiwani wa Handforth, katika Cheshire, walizozana kwenye mkutano wa mtandaoni kuhusu kama kikao kile kiliitishwa kihalali na nani ana mamlaka ya kukiongoza. Miezi miwili baadaye video ilisambaa, mamilioni wakacheka. Kicheko kando, swali la nani anaweza kuitisha kikao ndilo linaloamua nani anagusa pesa.

Kwetu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataja baraza la kijiji lenye msimamizi wa kijiji kama mwenyekiti, pamoja na wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5, walioishi au kumiliki mali humo kwa miaka 5 mfululizo. Wazee hao huteuliwa kwa idhini ya bunge la kaunti, hawapigiwi kura, na hawatozi kodi. Kwa upande mwingine, huhitaji majirani 5 ili usikilizwe: chini ya sheria hiyohiyo mtu mmoja anaweza kuwasilisha ombi mbele ya bunge la kaunti.

Tarehe nazo tunazo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Anayetaka kisima au zahanati iingie kwenye bajeti ijayo aanze na Septemba, wakati miradi inaorodheshwa. Kufikia Juni, makadirio yanaposubiri kupitishwa, nafasi ya kuongeza jambo jipya huwa ndogo sana. Nakala za hati hizi ni za umma, na unaweza kuziulizia katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako.